Mbayuwayu wa Septemba

Somo la kujifunza kutazama vitu vidogo



Mhariri ameniomba niandike somo ambalo laweza kusomwa nyumbani au katika vikundi vyetu vya jioni. Nimeona nisiandike juu ya jambo kubwa. Nitaandika juu ya kutazama: namna mtu anavyoweza kuishi katikati ya kazi za Mungu miaka mingi, akazifundisha hata kwa chaki, asizione. Mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo somo hili linaanza kwa kosa langu mwenyewe.

1. Swali la Novemba

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1989, na mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kuanza. Nilikuwa nikifundisha sayansi katika chuo cha ualimu, na somo la siku hiyo lilikuwa ndege. Kitabu tulichotumia kilitungwa ng'ambo. Kilieleza vizuri habari za mbayuwayu: kwamba hujenga kiota cha udongo ndani ya zizi au ghala, kwamba jike hutaga mayai manne au matano, na kwamba dume na jike huwalisha makinda pamoja. Mimi nilikuwa nikiyaandika hayo ubaoni, na wanachuo wakinakili.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Akasema, "Samahani, mwalimu. Hawa mbayuwayu wenye koo jekundu, wanaokuja wakati wa vuli, mimi sijapata kuona kiota chao hata kimoja. Hapa kwetu wanajenga wapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikatazama saa, nikaona kipindi kinakwisha na nusu ya ubao bado. Nikamjibu, "Kitabu kimekwisha kusema wanajenga wapi. Kaa chini unakili." Akakaa, akanakili.

Naomba msomaji alishike swali hilo, maana tutalirudia. Jibu lake nilikuja kulitafuta mbali sana na nyumbani.

2. Septemba ya Uingereza

Mwaka 1994 nilipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza kwa mwaka mmoja. Nilifika mwanzo wa Septemba, nikapewa chumba kwa mzee mmoja mjane, mshirika wa kanisa la pale, katika mji mdogo wa jimbo la Hampshire, kusini ya nchi. Mzee huyo alikuwa dereva wa basi mstaafu. Hakuwa mtu wa vitabu vingi.

Wenzetu wa Ulaya wanayo majira manne katika mwaka. Septemba ni mwanzo wa yale ya kupukutika majani. Vitabu vyetu vingine vya shule huyaita majira hayo vuli. Lakini angalia, msomaji: vuli yetu ni mvua, na mkulima wetu akiisikia inakuja hushika jembe apande. Vuli yao ni kupukutika majani, na mkulima wao inapofika amekwisha kuvuna ngano yake. Neno ni moja, mambo ni mawili. Nililifundisha neno hilo kwa miaka bila kumweleza mwanafunzi hata mmoja tofauti hiyo.

Nilidhani nitayaona majira hayo mara moja, maana picha za kitabuni zilionyesha miti myekundu na majani yametapakaa chini. Juma la kwanza sikuona kitu. Miti ilikuwa ya kijani. Nikamwambia mwenyeji wangu kwamba majira bado hayajafika. Yeye akacheka, akavaa koti, akanichukua njiani asubuhi mapema, akanionyesha kwa kidole.

Kwanza alinionyesha ua wa miiba kando ya njia. Juu yake palitandwa tando za buibui, mamia kwa mamia, kila uzi umebeba matone ya umande. Buibui hao walikuwapo tangu miezi ya joto, lakini sasa walikuwa wamekua, na asubuhi zilikuwa na umande wa kuwafichua. Katika ua ule ule palikuwa na matunda madogo meusi, mengine bado mekundu, na watoto waliokwenda shule walikuwa wakiyachuma na kupaka midomo rangi. Penye ukuta wa zamani palikuwa na mmea utambaao ambao ndipo kwanza unaanza kutoa maua, wakati mimea mingine imekwisha kufunga kazi, na nyuki walikuwa wameujaa, wakitafuta chakula cha mwisho kabla ya baridi.

Akanionyesha mti mmoja mkubwa. Kwa mbali ulikuwa wa kijani, lakini kwa karibu kingo za majani zilikuwa zimekauka na kuwa kahawia. Chini yake mlikuwa na maganda ya miiba yaliyopasuka, na ndani yake mbegu za kahawia zinazong'aa kama samani iliyopigwa rangi. Watoto wa kule huzitoboa, huzitia uzi, na kushindana kuzigonganisha mpaka moja ipasuke.

Akaniambia pia nisikilize. Ndege wengi walikuwa wamenyamaza, lakini ndege mmoja mdogo mwenye kifua chekundu alikuwa akiimba juu ya uzio. Wakati huo ndege hao huwa hawaimbi kwa ajili ya kuoana. Kila mmoja anatetea kiwanja chake cha kutafutia chakula siku za baridi, na hata majike huimba.

Jioni akanionyesha jambo kubwa kuliko yote, nalo halishikiki kwa mkono: mwanga. Hapa kwetu Tanga, tofauti ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa nzima, kwa hiyo hatuna sababu ya kuuangalia. Lakini kusini ya Uingereza mchana wa Juni hupita saa kumi na sita, na mchana wa Desemba ni kama saa nane tu. Kupunguka huko hakuji kwa ghafula. Mwezi wa Septemba kila siku hupoteza karibu dakika nne. Kwa siku moja hutambui; mwisho wa mwezi umepoteza karibu saa mbili. Mti unatambua kabla yako. Huanza kurudisha chakula kilichomo katika majani na kukiweka katika matawi na mizizi. Ile rangi ya kijani huvunjika, na rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo ndani ya jani siku zote, ndipo huonekana. Kisha penye kikonyo cha jani hufanyika utando mwembamba kama kizibo, na jani huachia.

Basi majira yalikuwa yamefika tangu siku niliyoshuka kwenye ndege. Mimi nilikuwa nikingoja picha ya kitabu.

3. Kalenda ya jikoni

Katika jiko la mzee huyo palikuwa na kalenda ukutani, na juu yake alama ndogo za penseli. Nilidhani ni siku za daktari. Akanieleza kwamba kila mwaka huandika siku aliyowaona mbayuwayu wa kwanza katika Aprili, na siku aliyowaona wa mwisho. Kalenda za zamani alizihifadhi katika saraka, za miaka mingi.

Mbele ya kanisa palipita waya za simu, na Septemba yote mbayuwayu walikuwa wakikusanyika juu yake, kwanza kumi, baadaye thelathini, baadaye sikuweza kuwahesabu. Waliruka wote pamoja, wakazunguka mnara wa kanisa, wakarudi. Wadudu wanaoruka walikuwa wakipungua kwa ubaridi, na hao ndio chakula chao chote. Asubuhi moja karibu na mwisho wa mwezi tulipopita, waya zilikuwa tupu.

Mzee akarudi nyumbani akaandika alama yake. Kisha akanimiminia chai, akaniuliza, kwa adabu kama mtu anayeuliza habari za jamaa: Wamekwenda kwenu Afrika. Wakifika kule wanafanya nini? Wanajenga viota?

Nikakaa na kikombe mkononi, sina la kusema. Mimi ndimi niliyetoka kule. Mimi ndimi mwalimu wa sayansi. Nikamkumbuka kijana wa nyuma darasani, na wale wenzake waliocheka. Yule angeweza kumjibu mzee huyu. Mimi nilimwambia akae chini.

4. Padre aliyeandika kila siku

Jumamosi iliyofuata mzee alinipeleka kwa basi kijiji cha Selborne, katika jimbo hilo hilo. Huko aliishi padre mmoja wa Kanisa la Uingereza, jina lake Gilbert White. Alizaliwa pale mwaka 1720, katika nyumba ya babu yake aliyekuwa padre wa kijiji, na alikufa pale mwaka 1793. Yeye mwenyewe hakupata kuwa padre mkuu wa mahali pale. Alitumika kama padre msaidizi tu. Hakusafiri sana. Alikuwa na bustani, na alikuwa na daftari.

Mwaka 1751 alianza kuandika habari za bustani yake: siku aliyopanda matango, siku iliyonyesha. Kuanzia mwaka 1768 akaandika kumbukumbu za viumbe wote aliowaona, karibu kila siku, mpaka mwezi ule aliokufa. Ni miaka 25 isiyokatika. Pamoja na hayo aliandika barua kwa wataalamu wawili, Thomas Pennant na Daines Barrington, na barua hizo zikawa kitabu mwaka 1789. Kitabu hicho hakijaacha kuchapwa mpaka leo. Nyumba yake ni makumbusho sasa. Nje ya kanisa kaburi lake lina jiwe dogo lenye herufi mbili za jina lake na tarehe ya kufa, basi. Tulitembea tukiliangalia chini ndipo tukaliona.

Nitaje mambo matatu tu aliyoyaona, yote ya majira yale.

La kwanza ni nyuzi za buibui. Tarehe 21 Septemba 1741, akiwa kijana wa miaka 21, aliamka kabla ya mapambazuko aende kuwinda. Akakuta mashamba yametandwa nyuzi za buibui kila mahali, hata mbwa wakafunikwa macho, wakawa wanalala na kujikwangua kwa miguu ya mbele. Kwa kuwa mbwa hawakuweza kuwinda alirudi nyumbani. Baadaye asubuhi ile, jua lilipokuwa limepanda, nyuzi zikaanza kushuka kutoka juu angani, zikaendelea kushuka karibu mchana kutwa. Zamani watu walikuwa na maelezo ya ajabu juu ya nyuzi hizo. White alieleza kwamba ni kazi ya buibui wadogo ambao hutoa uzi, na hewa huwabeba pamoja nao. Hivyo ndivyo tunavyojua leo pia. Mwindaji mwingine angewalaumu mbwa.

La pili ni panya wa mashamba ya ngano. Wavunaji walikuwa wamewaona siku zote, maana hujenga kiota cha mviringo kwa majani kati ya mashina ya ngano. White ndiye aliyekuwa wa kwanza kueleza kwa maandishi habari zao katika Uingereza. Aliwapima kwa mizani: wawili pamoja walikuwa na uzito wa sarafu moja ya shaba, nusu peni, yaani kama gramu tano kila mmoja.

La tatu ni wale mbayuwayu.

5. Asichokiona kutoka Selborne

Hapa ndipo somo linapotuhusu sisi. White alijua tarehe za mbayuwayu kuja na kuondoka kwa miaka na miaka. Lakini hakujua kwa hakika wanakokwenda. Katika Ulaya ya zamani wako wasomi walioamini kwamba hulala chini ya maji ya maziwa wakati wa baridi. White alikuwa na ndugu yake, John, aliyekuwa padre wa askari kule Gibraltar, kwenye mlango wa bahari unaotenganisha Hispania na Afrika. John alimwandikia kwamba aliwaona kwa wingi wakivuka kwenda kusini na kurudi kaskazini kwa majira yao. White aliamini kwamba wengine husafiri. Hata hivyo, kwa sababu aliwahi kuwaona wachache mwezi wa Novemba siku za joto, hakuacha kufikiri kwamba baadhi yao hujificha karibu na kwao, wakalala mpaka baridi iishe. Aliwatafuta vichakani na mashimoni, asiwapate.

Simcheki padre huyu. Aliandika alichokiona, na alisema wazi pale alipokuwa na shaka. Kilichomkosesha jibu ni kwamba upande wa pili wa safari haukuwa machoni pake.

Jibu lilifungwa katika mguu wa ndege. Mwaka 1909 Waingereza walianzisha mpango wa kuwavisha ndege pete nyepesi zenye namba. Mwezi wa Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Cheadle, jina lake John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyejenga kiota nyumbani kwake. Mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini, na mwenye shamba akaandika barua kuarifu namba ya pete. Safari yake ni kama kilomita 10,000, nayo hufanywa na ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi.

Naomba msomaji aone barua hiyo ilivyo na maana. Masefield alifanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanywa na mkulima aliyekuwa huku Afrika, ambaye angeweza kabisa kumtupa ndege nje akaendelea na shughuli zake.

6. Upande wetu wa safari

Niliporudi nyumbani mwaka 1995 nilinunua daftari la kurasa 96, nikaanza kutazama waya za umeme mbele ya nyumba. Nimeandika mpaka leo, ingawa kuna miezi nilivivia. Haya ndiyo niliyojifunza, na ndiyo jibu la swali la mwaka 1989.

Mbayuwayu wa koo jekundu huanza kuonekana kwetu Septemba na Oktoba. Hafanani na wale wa kwetu wanaoonekana mwaka mzima. Yeye ana paji la uso na koo la rangi ya kutu, na chini ya koo mkanda mweusi wenye kung'aa buluu. Yule anayejenga kiota cha udongo chini ya daraja letu ana utosi wa rangi ya kutu, na koo lake ni jeupe. Huyo ni mwenyeji.

Mgeni wetu hajengi kiota huku. Watoto wake huzaliwa kaskazini. Huku huja kula, na kubadili manyoya. Wengi hufika na mkia mfupi uliochakaa. Kidogo kidogo manyoya ya zamani hutoka na mapya hukua, mpaka ifikapo Machi wanakuwa na mikia mirefu yenye ncha mbili, nao wako tayari kwa safari. Mvua zinapoanza na kumbikumbi wakatoka ardhini, utawaona wakipita chini chini, wakiwadaka hewani. Mwezi wa Aprili huondoka.

Nimwambie msomaji pia jambo ambalo mzee wangu hakulijua, wala mimi wakati ule. Mbayuwayu wa Uingereza wengi hushika njia ya magharibi: Ufaransa, Hispania, Moroko, jangwa la Sahara, na kushuka mpaka Afrika ya Kusini. Hawa wanaopita kwetu Afrika ya Mashariki wengi hutoka nchi zilizo mashariki zaidi, kama Urusi. Basi waliokuwa juu ya waya za kanisa lile huenda hawakufika Tanga. Lakini ni ndege wa namna moja, na swali la mzee lilikuwa swali halali. Nilimwandikia barua ya kurasa tatu kumjibu. Naye akanijibu kwamba ameiweka katika saraka ya kalenda zake.

7. Yule kijana

Mwaka 2003 nilikutana na yule kijana katika msiba. Alikuwa sasa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na mvi kidogo kichwani. Nikamvuta kando, nikamwambia, "Mwalimu mwenzangu, nina deni lako." Nikamweleza habari ya viota, ya kwamba yeye alikuwa sawa, na kwamba mimi nilimnyamazisha kwa kitabu ambacho kilikuwa kinaeleza nchi nyingine. Nikamwomba radhi.

Akacheka kwa heshima, akashika mkono wangu. Akasema, "Mwalimu, swali lenyewe nimelisahau. Sikumbuki hata mbayuwayu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ila nakumbuka kwamba baada ya siku ile sikuuliza tena swali pale chuoni."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Hakuyasema kwa uchungu. Nilimuuliza kama sasa yeye huwaruhusu watoto wake kuuliza. Akasema hujitahidi, lakini darasa lina watoto wengi na muda ni mfupi. Nilimwelewa sana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu.

8. Faida ya kutazama

Pengine msomaji atauliza, tukitazama mbayuwayu tutapata nini? Nitajibu kwa mambo mawili.

Kwanza, vitu vidogo vikiandikwa miaka mingi huwa ushahidi mkubwa. Bwana Robert Marsham wa Norfolk, aliyeandikiana barua na White, alianza mwaka 1736 kuandika siku miti inapochipua na ndege wanapofika. Ukoo wake uliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1958. Leo wataalamu huzitumia kumbukumbu hizo kuonyesha jinsi majira yanavyobadilika. Sisi husema kila mwaka kwamba vuli siku hizi haina mpango. Je, nani katika parishi yetu ameandika siku mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, miaka kumi mfululizo? Wazee wetu waliokuwa wakijua kwa maua ya mti na kwa sauti ya ndege wanatutoka mmoja mmoja, na ujuzi wao hatuuandiki.

Pili, anayezoea kutazama ndege atazoea kumtazama mtu. Mzee yule aliyehesabu mbayuwayu ndiye aliyetambua juma la tatu kwamba mimi nasikia baridi na naona haya kusema, akaniletea blanketi bila maneno. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aya ya 7, anawataja ndege wanaojua majira yao, mbayuwayu akiwa mmojawapo, ili kuwaonya watu wasiojua yao. Ningependa tuisome aya hiyo polepole.

9. Kazi ya mwezi

Chukua daftari, hata la kurasa chache. Kila jioni andika tarehe na jambo moja tu ulilolona siku hiyo kwa macho yako. Usiandike ulilosikia wala ulilosoma. Andika mahali na saa. Kama huna hakika, andika kwamba huna hakika. Ukikosa siku, usikate tamaa, endelea kesho. Wenye watoto nyumbani, waulizeni wao wameona nini, na msiwahi kuwasahihisha.

Maswali ya mazungumzo katika kikundi

1. Njia unayopita kila siku kwenda shambani, sokoni au kanisani, ina miti gani? Taja mitano bila kwenda kuangalia, kisha kesho uhakikishe.

2. Wazee wenu walitambuaje kwamba vuli inakaribia? Mwulizeni mzee mmoja kabla ya kikao kijacho, na mmoja wenu aandike majibu yake.

3. Gilbert White alikosa nusu ya habari kwa sababu alikaa mahali pamoja. Je, ni jambo gani ambalo ninyi mnalijua kwa sababu ya mahali mnapoishi, nalo halijaandikwa katika kitabu cho chote?

4. Umewahi kumnyamazisha mtu aliyeona jambo ambalo wewe hukuliona? Kama yupo karibu, je, wajua anakoishi?

Waya zilizo mbele ya nyumba yangu zilikuwa na mbayuwayu wanne jana saa kumi na moja jioni. Mikia yao bado mifupi. Mkiwaona kwenu, niandikieni kwa anwani ya gazeti, pamoja na tarehe.

Mwalimu mstaafu